Mlango wa Pili

Sikuomba kuwa mwokaji.
Niliomba kuchomelea vyuma
kwenye kiwanda cha malori, hapa Kutaisi,
na nambari yangu ilikuwa kumi na nne,
imeandikwa kwa penseli
kwenye karatasi iliyolowa mfukoni.

"Mlango wa pili baada ya duka la vifungo,"
alisema mjomba.
Au alisema wa tatu.
Amekufa akiapa alisema wa tatu.

Nilisukuma wa pili.
Mvuke ukanivaa usoni kama shemeji mlevi,
na mama mmoja, Tsiala, mikono ya unga hadi viwikoni,
hakuuliza jina.
"Umechelewa," akanitupia aproni.
"Unga haumngoji mtu."

Kumbe alimngoja kijana wa binamu yake, kutoka milimani.
Nami, kwa aibu tu,
aibu ya kusema *siye mimi, mama*
mbele ya watu wanaopanga foleni,
nikafunga kamba za aproni.
Nitasema mchana, nikajiambia.
Mchana akanipa mkate na jibini.
Mtu hasemi kitu mdomo ukiwa umejaa.

Tanuri letu ni mtungi uliosimama, moto tumboni.
Unainama hadi kiunoni, miguu inaacha sakafu,
unabandika unga ukutani upesi
kama mtu anayebandika tangazo ukuta wa polisi,
halafu unarudi duniani ukiwa na nyusi chache zaidi kuliko jana.
Wiki ya kwanza nililia. Moshi, nilisema.

Kule mlango wa tatu waliita kumi na nne
mara mbili, kisha wakaita kumi na tano.
Kumi na tano alikuwa Jumberi.
Jumberi akapata kofia ya chuma, mshahara wa tarehe tano,
nyumba yenye bomba ndani,
na picha ukutani ya wafanyakazi bora.
Nilikuwa naipita picha ile alfajiri
nikiwa na gunia la unga begani,
nikiitazama kama mtu anavyotazama
kanzu yake kwenye mwili wa mwingine.

Wanasema riziki ni mafungu saba.
Hawasemi nani huyafunga,
wala kwamba anayeyagawa huenda haoni vizuri.

Kisha nchi ikageuka usiku mmoja, au miaka mitatu,
sikumbuki, nilikuwa kazini.
Umeme ukakatika, kiwanda kikanyamaza,
mashine zikauzwa kwa kilo, kama viazi.
Foleni yangu ikafika hadi kwenye kona,
na ndani yake, asubuhi moja ya barafu,
Jumberi, ameshika kofia ya chuma kama bakuli.

Sikufurahi.
Ningependa kusema sikufurahi hata kidogo.

Sasa huja kila siku saa kumi na mbili na robo.
Hanunui haraka. Anaegemea dirisha,
ananieleza jinsi ya kuziba ufa wa tanuri,
na mara nyingi ni sahihi, mwenda wazimu.
Hajui habari ya ile nambari.
Binti yangu Lela, anayelea wazee wa watu kule Bari,
huniuliza kwa simu, "Baba, umemwambia?"
Namwambia mkate unaungua.

Lakini anayenikosesha usingizi si Jumberi.
Ni yule mwingine, kijana wa milimani.
Alifika saa sita, basi lilikwama kwenye matope,
akasimama mlangoni na barua ya binamu mkononi,
akaniona ndani ya aproni yake.
Tsiala alimtazama, akanitazama,
akahesabu mikate iliyokwisha toka.
"Nafasi imejaa," akasema.

Hakugomba. Alinunua mmoja,
akaukata kwa magoti, akaenda zake akitafuna.
Uso wake siukumbuki. Nakumbuka viatu,
kimoja kilifungwa kwa waya.

Huenda alisukuma mlango mwingine.
Huenda ni tajiri huko aliko, ana tumbo na wajukuu,
na akiletewa mkate mezani hulalamika:
chumvi kidogo mno.

Ni kweli. Tsiala naye alikuwa akisema hivyo.