Vikanyagio

Jumamosi, Tudor, saa nne, jua limeshakaa.
Kadibodi imefungwa getini kwa kamba ya chandarua:
TUNAHAMA. VITU VYAUZWA. MAUA HAYAUZWI.
Niliingia kutafuta ndoo.

Mkekani pasi mbili, moja bila waya,
blenda iliyopoteza kifuniko,
viatu vya mtu wa mguu mkubwa,
mbuzi ya nazi, meno yake yamechoka,
na chini ya meza, boksi la sabuni ya mche:
vyuma vitano vimelala ndani kama kobe
waliorudisha vichwa.

Magoti yangu yalijua kabla yangu.
Miaka sita napiga gita kavu
harusini Mikindani, kanisani Changamwe,
vitu hivi navitazama dukani kupitia kioo,
bei imeandikwa kwa kalamu nyembamba
kana kwamba mwenye duka naye anaona haya.

"Hivyo vya marehemu," akasema Bi Dzame,
akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.
"Mimi nikiviita cherehani.
Na hakuwahi kushona hata kifungo."
Akacheka peke yake.
"Gita alichukua mpwawe. Hivi akaviacha, ati vizito.
Usiku Chivatsi avaa hedifoni, apiga,
mimi nilalapo nasikia mguu tu.
Ta. Ta. Ta."

Nikakiinua cha rangi ya chungwa: mkwaruzo.
Cha buluu iliyopauka: mwangwi.
Skrubu zimeliwa na chumvi ya hewa yetu.
Betri imetapika unga mweupe.
Kwenye kile cha buluu rangi imetoka mahali pamoja,
duara, upana wa ncha ya kiatu.
Nikavitazama tena vile viatu.

"Vyafanya kazi?"
"Mwenyewe ndiye angekujibu."
"Vyote pesa ngapi?"
"Mia nane."

Hapa ndipo ningesema kitu.
Lakini ulimi wangu ni wa Kongowea,
umelelewa kwenye mafungu ya nyanya,
ukatangulia: "Nina mia tano."
Mfukoni elfu mbili na mia mbili,
za ndoo na za gesi.
"Lete mia sita, mwanangu."
"Tano, mama."
Akaangalia boksi, akaangalia njia,
lori la Mariakani lilikuwa halijafika.
"Haya. Nipunguzie mzigo."

Akanifungia kwa gazeti.
Akaniongezea waya mrefu, bure.
Hiyo bure ndiyo iliyonichoma
hadi kituoni, na baada ya kituo.

Ndoo sikununua.

Nyumbani nikasugua kutu kwa mswaki na ndimu.
Betri mpya, ya volti tisa, nikailamba kwanza kuijaribu,
ikauma ulimi. Nikauambia: stahili yako.
Vifundo sikuvizungusha.
Kila kimoja kina alama, tone la rangi ya kucha,
nyekundu, mkono umetetemeka kidogo.
Kumbe aliiazima kwa mkewe, au aliiiba
yeye akiwa amelala, akisikia mguu tu.

Viwili vimekufa. Kimoja chanong'ona redio
ya taarabu, sijui yatoka wapi.
Cha chungwa kikanguruma, jirani akagonga ukuta.
Nikabakiwa na cha buluu.

Nimesema moyoni nitarudi Tudor nikampe zilizobaki.
Nimesema Jumapili, nikasema Jumatatu.
Lori haliningojei.

Nikakanyaga pale pale kwenye duara.
Ta. Taa ikawaka, ndogo, kama jicho la panya.
Nikagusa uzi mmoja, ule mwembamba,
sauti ikatoka nzima,
ikarudi imepungua,
ikarudi imepungua tena,
kama mtu anayeshushwa bei:

mia nane,
mia sita,
mia tano,

haya.