Chenji

Basi la Oulu ni saa tisa na dakika kumi.
Sasa ni saa nane u nusu, na jua limeshakwenda zake.
Nje nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri;
neno linaganda kabla hujalitema.
Penye joto ni hapa tu, mlangoni mwa supamaketi,
kati ya mashine inayomeza chupa tupu
na zile tatu zinazomeza watu.

Nazijua. Ya kati ndiyo yangu.
Nimesimama mbali nayo
kama mdeni aliyekutana na mdai wake msikitini au kanisani,
mahali pasipo pa kukimbilia.

Mvumilivu hula mbivu, husemwa.
Miaka sita nilivumilia mbele ya matunda ya kioo,
cheri, limau, plamu,
yakiwaka, yakiiva, yakiiva,
wala sikuwahi kutema hata kokwa.
Kiwanda cha karatasi kilipofungwa
nililipwa kiinua mgongo,
nikauinamisha mgongo huohuo juu ya vitufe
mpaka kikaisha,
mpaka ikaisha mashua ya baba mkwe,
mpaka pete ya Taimi ikaenda kwa sonara kupigwa msasa,
nilimwambia,
na hadi leo inapigwa.

Asubuhi wamempasua Taimi kifua.
Daktari amenipigia: tusubiri.
Hilo tu.
Niaminini, si tamaa iliyonifundisha kamari,
ni kusubiri.
Mikono isiyo na kazi, saa isiyosogea,
na kijinuru kinachokuita kwa upole:
njoo, huku dakika haziumi.

Siku ya mia mbili na kumi na tatu.

Nimerudisha chupa kumi na nne.
Risiti: yuro mbili na senti themanini.
Oili yuko kwenye keshia;
tuliwahi kuwa naye mtambo namba tatu,
yeye akikata, mimi nikifunga marobota.
Haulizi kitu. Anajua sheria yangu:
sitoki hapa na sarafu.

Viberiti, senti tisini.
Mshumaa, yuro moja na senti kumi.
Pipi nyeusi za chumvi, senti sabini.
Anajumlisha, anakunja uso.
Zimebaki kumi, Ensio.

Na hapo ndipo nyuma yangu zikanyesha.
Kikongwe mwenye kofia ya manyoya,
kwenye ya kati,
cheri tatu mstari mmoja,
sarafu zikilia bakulini kama mvua ya bati.
Mguu wangu wa kulia uligeuka.
Sifichi, uligeuka.
Wa kushoto ulibaki ulipo,
na mimi katikati yao, mzee wa miaka sitini na moja,
nimekunjuka kama mkasi mbovu.

Mfuko, akasema Oili. Mdogo. Senti kumi.
Akaupiga hewani ukafunguka, pah!
Nikageuza shingo.
Karatasi nyembamba, nikaipapasa kwa kidole gumba:
siyo yetu. Ya nchi nyingine.
Chukua, akasema. Nenda kasimame nje.

Nimesimama nje.
Simu haijalia.
Taimi akizinduka ataniambia, kama kila jioni,
nionyeshe mifuko,
nami nitaipindua, wa kulia, wa kushoto,
inining'inie kiunoni kama masikio ya mbwa.
Kisha atafungua huu wa karatasi
aone mshumaa usioruhusiwa wodini,
na pipi asizozipenda,
atanitukana.
Akizinduka.

Taa mbili zinapasua giza.
Nagusisha kadi, mashine ya nauli inakataa,
nagusisha tena. Baridi hiyo, anasema dereva,
huna chenji?
Sina, namwambia, kwa sauti kubwa mno,
hata senti,
na abiria wawili wa nyuma wanainua vichwa.