Karani wa Mizani

Kabati lile la vioo nililitaka mie.
Lilitoka Unguja kwa meli, limefungwa mikeka mitatu,
likapandishwa Wete kwa gari la ng'ombe
na kioo kimoja tu kikapata ufa.
Nilishapanga moyoni: juu sahani za maua,
katikati bakuli za mama, chini birika.
Nikaenda Mtambwe kumuuguza shangazi, siku nane.
Niliporudi, kwenye rafu ya juu
kofia ya chuma ilikuwa imekaa,
imetulia kama mgeni aliyekwisha kula.

Shaame hakupata kushika bunduki.
Miaka thelathini na moja alipima karafuu bandarini,
na kuku wa Idi humwita jirani amchinjie.
Lakini vitu vya vita vilijua njia ya kwake.
Mkanda uliletwa na fundi baiskeli wa Limbani.
Ganda la kombora lilikuwa kinu cha tangawizi
cha bibi mmoja wa Kizimbani;
akalikomboa kwa kinu kipya na pishi ya mchele.
Vifungo kumi na kimoja. Nishani yenye utepe uliopauka,
haijulikani tena ni ya mfalme gani.
Buti moja, la kushoto.
"La kulia li wapi?"
"Wee Raya, hata hili moja unajua taabu yake?"

Kila kitu alikiandikia kadi kwa penseli,
kwa mwandiko ule ule wa stakabadhi za karafuu:
jina la kitu, kilikotoka, uzito.
Kofia ya chuma. Konde. Kilo moja na robo.
Buti. Haijulikani. Gramu mia nane, pamoja na tope.
Koti la jeshi alilitia karafuu mifukoni, nondo wasile,
basi mpaka leo linanuka mavuno.
Ndimu zangu za mchuzi ziliishia kusugua shaba.
Sahani zangu? Chini ya kitanda,
zimeviringwa magazeti.

Wakaja watoto wa skuli, wakaja wanaume wa bao.
Walizungumza sana mbele ya kioo.
Waliokwenda vitani kweli, nikatambua, hawakuzungumza.
Mzee Mbarouk alitazama mara moja
akaomba kiti kinachoelekea mlangoni.

Kisha, msimu wa vuli, akaja mwanamke wa Tumbe,
Mize binti Khatib, anauza ukili.
Mvua ikamfungia ukumbini kwetu.
Alikuwa akihesabu pima zake, akanyamaza.
"Kile kikombe," akasema. "Kigeuzeni."
Kwenye kitako, kwa ncha ya msumari,
herufi mbili na samaki asiye na mkia.
"Kaka yangu. Mikia ilimshinda tangu chuoni.
Alikwenda nacho Uganda.
Sie tuliletewa barua."

Hakulia. Aliomba maji.
Nikamtilia humo humo, kutoka mtungini,
akanywa kituo kwa kituo mpaka tone,
kisha akaisoma kadi:
Kikombe cha bati. Chake Chake, mnadani.
Gramu mia moja na tisini.
"Mlikipima kitupu," akasema.

Shaame, ambaye mizani yake haikupata kubishiwa
na tajiri wala mkulima,
alikilaza kikombe kikapuni mwake, juu ya ukili,
kwa mikono miwili.
Akataka kumpa na kadi. Mize akaikataa.

Usiku nikamsikia sebuleni. Nikadhani anapanga upya.
Alikuwa anafuta: uzito, uzito, uzito,
kwa raba ya mtoto, vumbi lake likimjaa mapajani.
Mahali pake hakuandika kitu.
Asubuhi akaniambia, bila kunitazama,
rafu ya kati ni yangu.
Nimeweka bakuli za mama.
Moja imemeguka; nimeigeuzia nyuma.

Buti la kushoto bado halijaulizwa.
Siku hizi mlango tunauacha wazi hadi magharibi,
na mtu akipiga hodi,
mie, kabla ya uso,
natazama miguu.