Kihenge cha Nyuma

Kibaigwa, sokoni, mimi ndiye mpima.
Siku nzima nanyanyua macho kwenye mshale wa mizani,
gunia la mahindi, jingine, jingine,
vumbi la punje linanipaka nyusi kama mzee,
na jioni narudi nyumbani, sili ugali.

Makuli wamecheka mpaka wamechoka.
"Ndahani, umeona wapi samaki anaogopa maji?"
Nesi wa zahanati hakucheka. Alichora duara
kwenye karatasi ya sukari yangu, akakaa kimya.

Siku ya kwanza niliona mchezo:
mayai matatu, samli ya Mpwapwa,
parachichi nililopasua kwa kisu cha kukatia kamba za magunia.
Siku ya pili nilikojoa kama ng'ombe wa mnadani,
mwili ukamwaga maji, maji yakaondoka na chumvi.
Siku ya tatu nikasoma tisini palipokuwa na sitini.
Mfanyabiashara wa Gairo akanitazama usoni:
leo haijayumba mizani, ameyumba mtu.

Usiku msuli wa mguu ulijisokota kama kamba ya katani.
Foibe akanishika kisigino, akasukuma vidole kuelekea goti.
"Njaa ya kujitakia," akasema gizani, "haina pole."
Lakini alfajiri nilikuta supu ya kongoro imefunikwa,
na chumvi ameitia kwa mkono mzito.

Wiki ya pili, katikati ya sala, kanisa zima kimya,
Lechipya wangu, miaka sita, akatangaza:
"Baba ananuka rangi ya kucha!"
Mchungaji alimalizia sala kwa kukohoa.

Basi nikawa nawaza nikiwa nimekaa juu ya magunia:
ini ni karani wa stoo.
Miaka arobaini na mitatu amezoea mlango wa mbele,
unga unaingia, unga unatoka, anatia sahihi.
Siku moja anakuta stoo tupu, sakafu imefagiliwa.
Anapiga kelele (ndiyo kichwa kile),
anagonga kuta (ndiyo miguu ile),
kisha anakumbuka kuna kihenge nyuma,
kimejaa mafuta, hakijafunguliwa miaka,
na ufunguo umeota kutu.

Bibi Mamoto aliujua ufunguo huo.
Mwaka mvua ilipokataa alitembea kwenda Kilosa kutafuta unga,
siku tano, mtoto mgongoni,
na ndani yake kitu kiliwaka bila kuni.
Hakukipa jina. Alirudi na debe moja na nusu.
Nikimkumbuka naona haya:
yeye alifungua kihenge kwa kukosa,
mimi nafungua changu kwa kushiba mno.

Wiki ya tano, Jumanne, saa kumi jioni,
nikashtuka: sijawaza chakula tangu asubuhi.
Ukungu ulikuwa umeondoka bila kuaga.
Namba zilisimama wima. Mkanda ukadai tundu jipya,
nikalitoboa kwa msumari.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Mlali
na unga wa uwele mpya, umesagwa jana.
Mlenda nilikuwa nakula siku zote, kwa kijiko,
kama mgonjwa. Siku hiyo nilinawa.
Mkono haukuuliza mtu. Ulimega, ukabonyeza, ukachovya.
Tonge la kwanza lilikuwa utoto wangu wote.
La saba lilikuwa usingizi:
nililala kwenye kiti mkwe akiwa katikati ya habari za shamba.
Kesho yake, soko likiwa bado tupu, nikapanda mizani.
Kilo mbili zimerudi, maji na chumvi yake.
Karani alikuwa amekimbilia mlango wa mbele
kama aliyesikia jina lake.

Sikumtukana. Nikaanza tena, na safari hii
kichwa kiliuma nusu siku tu.

Jioni nafagia punje zilizomwagika chini ya mizani,
nazitia mfukoni, nawapelekea kuku wa Foibe.
Asubuhi kuku wananipa mayai.
Mahindi ya Kibaigwa bado yananifikia,
ila sasa yanapita njia ya mbali.