Amana ya Chupa

Daftari hili linanuka stroberi,
ingawa Isevya nzima hakuna aliyewahi kuiona stroberi.
Ilikuja kwa garimoshi, nyekundu, ndani ya galoni,
na babu Kapungu akawaapia wateja
kwamba ni tunda la Ulaya, saizi ya moyo wa kuku.

Kabla ya hapo alikuwa mwosha chupa wa behewa la chakula,
Tabora hadi Kigoma, Kigoma hadi Tabora,
viganja vyake vimechubuliwa na magadi.
Mgiriki wa Urambo alipofunga virago
akamwachia mashine yenye mkono mmoja
kwa baiskeli, saa ya mezani na magunia manne ya karanga.
Bibi Nyamizi hakusema naye siku tisa.
Karanga zilikuwa zake.

Siku ya kumi akaingia bandani, akajifunga kibwebwe,
akashika mpini wa chuma, akaukandamiza:
tik.
Ikabidi soda ipewe jina. Akasema, Nyuki.
Kwa nini Nyuki?
Kwa sababu inauma puani.

Ukurasa wa saba: kreti kumi, Ng'ambo, kwa Mwanabaraka.
Ukurasa wa tisa: kreti tano, harusi ya Kiloleni, amana haijalipwa.
Sisi hatukuuza chupa.
Tuliuza kilichomo. Chupa ilikwenda matembezi tu
na ilipaswa kurudi, kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Halafu sukari ikapotea.
Vita ilikuwa imekwisha, majeshi yamerudi,
watu wanapanga foleni usiku, mawe yakiwashikia nafasi.
Baba yangu, Shija, kijana wa mawazo mengi,
akadandia lori la tumbaku mpaka Sikonge,
akarudi na madebe sita ya asali ya miyombo.
Wiki mbili mji ulikunywa na kusifu.
Wiki ya tatu, usiku wa manane, ghala likaanza kufyatuka.
Pa! Pa-pa!
Majirani wakajitupa chini ya vitanda,
mgambo wakaizingira nyumba,
wakamkuta babu na taulo kiunoni,
mikono juu, mbele ya kreti zake mwenyewe.
Asubuhi shehe akaonja tone, akatema, kicheko kikamshinda:
"Kapungu, hii si soda. Ni wanzuki iliyovaa kofia."
Kovu la kigae kimoja ninalo hapa, juu ya goti.

Kilichotuua hakikuwa na mlio.
Kilikuja chepesi, cha plastiki, kichwani kwa mchuuzi wa stesheni,
chupa isiyodaiwa na mtu.
Abiria wakanywa, wakairusha dirishani,
na reli yote ya Kaliua ikametameta.
Kaka yangu Mlekwa akaondoka na lori la mwisho, kreti mia, kwenda Mpanda.
Hela ilirudi, mara moja, ndani ya bahasha.
Baba akaliandika jina lake kwenye safu ya amana
na mpaka anafariki hakulikata.

Mashine nimeiuza kwa kilo, kwa watu wa vyuma chakavu.
Mpini nilibaki nao. Sasa ni komeo la banda la kuku.

Juzi amebisha hodi mama mmoja kutoka Ng'ambo,
kashika chupa, nyuki wake kafutika bawa.
"Nimefuata senti hamsini za mama yangu."
Nikafungua ukurasa wa saba.
Kweli: Mwanabaraka, kreti kumi, pungufu chupa moja.
Nikamwambia senti hamsini haipo tena, nikampa noti.
Akairudisha. "Nataka haki yangu, sikuja kuomba."
Tukakaa barazani tukipiga hesabu,
senti ile ingekuwa ngapi leo, tukashindwa, chai ikapoa.
Mwisho nikaingia ndani, nikatoka na kibaba cha karanga,
nikammiminia kwenye upindo wa kanga.
Akazitazama.
"Ongeza."

Nikaongeza. Nikakata mstari juu ya jina la mamake.
La Mlekwa nimeliacha.
Chupa iko dirishani. Sijaiosha.