Alama ya Kamba

Kazi yangu ni kutoamini.
Natembea juu ya tuta linalozuia bahari
na fimbo ya chuma, daftari, buti za mpira,
nikichoma udongo kila hatua kumi
kuuliza: unavuja?
Huku Zeeland mashamba yako chini ya maji,
na neno "huenda" halilindi mtoto wa mtu.
Kwa hiyo napima. Naandika. Napima tena.

Jumapili kaka yangu Marinus alikuja na begi la vitabu.
"Wewe ni mtu wa vipimo," akasema, "utanielewa."
Akapanga mezani, katikati ya vikombe vya kahawa,
mashahidi wake: nakala kuukuu na umri wa kila moja,
wanawake waliofika kaburini alfajiri
(nani, zama zile, angetunga uongo
akawatwika wanawake, wasiosikilizwa barazani?),
wavuvi waliokubali kufa kuliko kufuta kauli.
Kila hoja kaitia utepe wa rangi.
Nilimsikiliza. Nyingi zilisimama wima.
Moja mbili zilivuja, nikamwonyesha wapi.
Akaandika pembeni, hakukasirika.

Mchungaji Verhage, aliyekuja kumwombea bibi,
alimung'unya pipi yake ya mnanaa
kama tufanyavyo sisi mahubiri yake yakirefuka.
"Marinus, umejenga ngazi nzuri.
Lakini maiti hapandi ngazi.
Neema hushuka. Basi."
"Ishukie nani? Mtu asiye na akili?"
"Mtu aliyezama."
Sauti zikapanda, kahawa ikapoa.
Mimi nikahesabu matone dirishani,
maana sikuwa na upande.

Ndipo Bibi Leuntje, tuliyedhani amelala,
miaka tisini na moja, macho yameshazimika,
akatoa mkono chini ya blanketi.

"Usiku ule wa Februari tuta lilipopasuka
nilikuwa juu ya paa. Chini ng'ombe walilia,
kisha hawakulia.
Mfa maji hukamata maji. Mimi nilikamata kila kitu:
manyasi ya paa, mlango uliopita ukielea,
nywele za dada yangu Pieternella.
Zikaniponyoka.
Halafu kamba ikaja kutoka gizani.
Sikuirusha mimi. Hata kuiomba sikuiomba,
mdomo ulikuwa umejaa chumvi.
Mtu akanifunga hapa, akavuta.
Uso wake sikuuona. Jina hakulitaja."

Akageuza kiganja juu.
Kwenye kifundo cha mkono, mstari mweupe,
mnene kidogo kuliko uzi wa kushonea gunia.
Nimeuona tangu utotoni, akikanda unga,
na sikuwahi kuuliza.

"Huu haukuniokoa," akamwambia Marinus.
Kisha akageukia upande inakotoka harufu ya mnanaa:
"Ila wewe nawe usiniambie haupo."

Marinus akafunga kitabu, kidole kikabaki ndani.
Mchungaji akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.
Nilitaka kuuliza kwa nini kamba
haikumfikia Pieternella.
Sote, nadhani, tulitaka.
Bibi akasema anahisi baridi, tukamfunika.

Usiku nilirudi tutani, zamu yangu.
Bahari upande mmoja, taa za jikoni upande wa pili, chini,
watu wamelala bila kuniomba vipimo,
bila kujua ni nani yuko zamu.
Nikachoma fimbo. Kavu. Nikachoma tena. Kavu.
Daftari letu lina safu ya mwisho, "Maelezo",
ambayo miaka kumi na minne nimeiacha tupu.
Nikaandika: *nimevutwa.*
Nikaitazama kwa tochi, nikaifuta,
kwa sababu sina hakika, na mimi siandiki nisilopima.

Wino wa penseli ulitoka wote.
Lakini nilikuwa nimeandika kwa nguvu.
Ukipitisha kidole pale, gizani,
karatasi ina mfereji.