Kilo Sita na Ushee

Mchagua jembe si mkulima, nilimwambia.
Hilja hakujibu. Alikuwa amepiga magoti dukani,
pale Oulu, mtaa wa nyuma ya soko la samaki,
akipima kwa shubiri mikoba
iliyoshonwa na watu wasioijua baridi.

Kamera yake ni jiwe.
Kubwa, nyeusi, ya filamu pana,
picha kumi kwa rola, kisha basi.
Iweke mezani, meza inaguna.
Ongeza lenzi mbili, moja nene kama kikombe cha uji,
ongeza kipimamwanga, rola tisa,
waya wa kufyatulia,
kitambaa cha kufutia pumzi kwenye kioo:
kilo sita na ushee,
na hapo hujaigusa ile miguu mitatu ya kusimamia.

Begi la kwanza lilikuwa zuri kupita kiasi.
Ngozi tupu, vifungo vya shaba,
linalia "niibe" kila linakopita.
La pili, shanta la wapanda milima,
mikanda kumi na minne, niliihesabu mimi;
ukitaka lenzi, ulilaze thelujini,
kisha ulivae, na theluji nayo ikupande mgongoni.
La tatu lilitaka bega moja.
Hilja ana bega moja tu la kutumainiwa.
Jingine lilivunjika Februari, mwaka ule wa Eero.

Muuzaji, kijana Onni mwenye masikio mekundu,
akaleta la nne, akaleta la tano.
"Hili halipitishi maji," akasema.
"Linapitisha baridi?"
Kijana akaiangalia zipu
kana kwamba jibu limeandikwa pale.

Maana huko aendako si maji yauayo.
Ni alfajiri ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
barafu ya ghuba imejikunja kama shuka lisilotandikwa,
filamu inakauka, inakatika kama jani la mwaka jana,
betri inazimia,
na ukirudi ndani kwa pupa
kioo kinatokwa jasho kama mgonjwa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mimi, niliyeshikilia glavu zake tu,
nilichoka. Nikasema, chukua lolote.
"Lolote halina mgongo," akasema. "Mgongo ni wangu."

Tukatoka mikono mitupu.

Jioni tulikula kwa dada yake, Lempi,
dagaa wa ziwani, wamekaangwa na siagi.
Nikaona jicho la Hilja limenasa nyuma ya mlango:
mfuko wa bluu, mnene, ndani unang'aa kama bati,
wa kubebea bia na samaki wakati wa kiangazi.
"Huu umeshonwa joto lisiingie," akasema polepole.
"Basi hata likiwa ndani, halitatoka."

Aliusugua kwa magadi, mara mbili.
Kamera ikazama kama mtoto anayekijua kitanda chake.
Rola akazivisha soksi za sufu.
Lenzi ndefu ikagoma.
Akaigeuza, akailaza, akaisimamisha.
Ni ile aliyonunuliwa na Eero
kwa mshahara wake wa kwanza wa kiwanda cha karatasi.
Akaishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
kisha akaiweka juu ya friji ya dada yake
na kuomba kahawa.

Kulipokucha niliubeba mimi, hatua mia mbili hivi.
Lile kanda la usufi
lilinikata bega kabla ya kufika ufukoni.
Akaupokea bila neno, akashuka kwenye barafu peke yake,
akawa doa la bluu, halafu nukta,
na nyuma yake kunguru wawili,
wakitembea kwa adabu,
kwa sababu magadi hayakumaliza harufu yote.

Picha ya saba, ukiitazama vizuri,
pembeni, chini, wamo.